KAMA, AO, HAPANA: Namna ya Kugeuza Maneno ya Mkutano Kuwa Hesabu

Wengi wenu mlituuliza, mlangoni mwa kalasi na hata katika mstari wa chakula, ile hesabu iliyokaa ku ubao wa chumba cha matematiki muda wa juma mbili ilikuwa hesabu gani, na kwa sababu gani watu wanasema "hesabu iliwapa wasichana paa". Hesabu haikumpa mtu kitu. Lakini ilituonyesha kosa moja lililojificha ndani ya neno "kama", na kosa lile lilikuwa karibu kula dola 600 za shule. Juu ya ile tunaandika, sisi wa kundi la matematiki la kalasi ya tano na ya sita.

Mnajua mambo yalivyoanza. Shule ilipata dola 2000, zingine kutoka kwa wanafunzi wa zamani, zingine kutoka mavuno ya shamba la mahindi. Wakubwa wa shule wakaruhusu mkutano wa wajumbe wa kalasi zote utoe shauri juu ya kazi za kufanya. Kazi saba zilitajwa. Kila mjumbe akatoa alama kwa kila kazi kufwatana na ginsi anavyoiona kuwa ya lazima, nasi tukafanya jumla. Tunaweka hapa bei na alama, kila kazi na herufi yake:

M – mashini ya umeme: dola 900, alama 30
P – pompi ya kupandisha maji kutoka mtoni: dola 600, alama 40
B – mabati mapya ya nyumba ya kulala ya wasichana: dola 800, alama 35
T – tanki la maji ya mvua: dola 500, alama 25
V – vitabu vya maktaba: dola 400, alama 15
J – taa za jua: dola 300, alama 15
Z – meza za kusomea: dola 200, alama 4

Jumla ya bei ni dola 3700. Tuko na 2000. Basi lazima kuchagua, na hapo kelele ikaanza, kwa maana wavulana wengi walitaka mashini na pompi, na wasichana, ambao wanalala chini ya ndoo mvua ikinyesha, walitaka mabati.

Mkutano ulikubali masharti matano, na mwandishi wa mkutano akayaandika hivi katika kaye yake. La kwanza: "Tutanunua pompi kama tuko na mashini ya umeme." La pili: "Maji ni lazima: pompi ao tanki." La tatu: "Hakuna tanki bila mabati mapya", kwa sababu paa la sasa limekula kutu na maji yake hayanyweki. La ine: "Kwa masomo ya mangaribi, mashini ao taa za jua." La tano: "Kama tunanunua mashini na vitabu pamoja, basi na meza zinunuliwe", kusudi chumba cha maktaba kifunguliwe usiku.

Mwalimu wetu wa matematiki akatuambia: chukueni maneno haya yote, myageuze kuwa hesabu, mtafute mpango wenye alama nyingi zaidi usiopita dola 2000. Tulifikiri ni kazi ya saa moja.

Mwanzo wake ni mwepesi kweli. Kila kazi, ama tunaifanya, ama hatuifanyi. Basi herufi P iwe 1 kama tunanunua pompi, iwe 0 kama hatununui. Hakuna kingine katikati, kwa maana nusu ya pompi haipandishi hata nusu ya ndoo. Njia hii ya 1 na 0 si yetu. Mwingereza George Boole, mwana wa mshona viatu, aliyefungua shule yake mwenyewe katika mji wa Lincoln akiwa na miaka 19 tu, ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1854 kwamba maneno ya kufikiri yanaweza kuandikwa kwa alama za aljebra. Aliona kwamba katika hesabu za namna hii kila herufi inapashwa kutii sheria moja: x mara x ni x. Jaribuni namba zote mnazojua: ni 0 na 1 tu zinazoitii sheria hiyo.

Tukishakuwa na 1 na 0, feza inajiandika yenyewe. Tukihesabu kwa mamia ya dola:

9M + 6P + 8B + 5T + 4V + 3J + 2Z ≤ 20

Alama ≤ tunaisoma "haipiti" (mashini yetu ya kupiga chapa haina alama ile, tumeiandika kwa mkono katika stensili, mtusamehe kama imetoka vibaya). Kazi isiyofanywa ina 0, na bei yake inaanguka. Jumla ya alama tunayotaka iwe kubwa ni 30M + 40P + 35B + 25T + 15V + 15J + 4Z. Mpaka hapa hakuna aliyebisha.

Kiisha tukafika kwa "ao".

"Pompi ao tanki." Mmoja wetu aliandika P + T = 1. Mwingine akaandika P + T ≥ 1, ni kusema: isipungue moja. Ya kwanza inasema moja tu, si zote mbili. Ya pili inasema moja, ao nyingine, ao zote mbili. Nani ana haki? Katika Kiswahili chetu "ao" linabeba maana zote mbili, na tunazitofautisha bila kujua. Mama wa jikoni akikuuliza "chai ao uji?", usimjibu "ndiyo, vyote", atakufukuza. Lakini sharti la kalasi likisema "mwenye homa ao kidonda asiende shambani", mwenye homa na kidonda pamoja hataambiwa aende kulima. Si sisi tu wenye shida hii. Boole mwenyewe alitumia alama ya kujumlisha kwa vitu visivyokutana tu, ni kusema "ao" ya moja tu. Mwingereza mwenzake William Stanley Jevons alimpinga, akashika "ao" inayokubali vyote viwili, na leo hiyo ndiyo wanayoifundisha katika lojiki.

Hapa hesabu haikuweza kutusaidia. Ilitubidi kurudi kwa wajumbe na kuuliza: mkipata pompi na tanki pamoja, mtakasirika? Wakacheka wakasema hapana. Basi P + T ≥ 1. Vilevile kwa mwangaza: M + J ≥ 1. Tunataka mkumbuke jambo hili zaidi ya hesabu yenyewe: kabla ya kuandika alama, muulize aliyesema.

Sasa "kama". Hapa tunaungama.

Sharti la tatu lilikwenda vizuri. "Hakuna tanki bila mabati" ni kusema: ikiwa T ni 1, B iwe 1. Ikiwa T ni 0, B iwe inavyotaka, kwani mabati yanaweza kuwekwa hata bila tanki. Tunaandika T ≤ B: T haipiti B. Tuipime katika hali zote ine. T=0 na B=0, 0 haipiti 0, ruhusa. T=0 na B=1, ruhusa. T=1 na B=1, ruhusa. T=1 na B=0, hapo 1 inapita 0, inakatazwa. Inakatazwa hali moja tu, na ndiyo ile tuliyotaka kuikataza. Namna hii ya kupima kwa safu ine haina uzuri wowote, lakini inakamata makosa.

Kuko kitu kingine ndani yake kilichotufurahisha. Kusema "kama tanki, basi mabati" ni sawasawa na kusema "kama si mabati, basi si tanki". "Si" tunaiandika kwa kutoa katika moja: si B ni 1 − B. Basi usemi wa pili ni 1 − B ≤ 1 − T. Vusheni herufi, mtaona inarudi kuwa T ≤ B. Ni kitu kimoja kilichovaa mashati mawili.

Lakini kwa sharti la kwanza hatukupima. Mwandishi aliandika: "Tutanunua pompi kama tuko na mashini." Mmoja wetu, ambaye ni hodari kuliko sisi wote na ndiyo sababu hatukumwangalia, alisoma maneno yale kama yalivyo: kama tuko na mashini, basi tutanunua pompi. M ikiwa 1, P iwe 1. Akaandika M ≤ P. Akafanya hesabu usiku kucha, na asubuhi akaleta jibu: pompi, mabati, taa za jua na meza. Bei ni 6 + 8 + 3 + 2, jumla 19, ni kusema dola 1900. Alama 40 + 35 + 15 + 4, jumla 94. Hakuna mpango uliofika pale. Tukaandika ku ubao kwa maandiko makubwa.

Tulipolisoma mbele ya mkutano, walishangilia. Wavulana wanapata pompi, wasichana wanapata mabati, dola 100 zinabaki. Kiisha mjumbe mmoja wa kike wa kalasi ya ine, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza: "Na hiyo pompi itakula nini? Mutatupatia pompi ya kuangalia tu?"

Kimya. Katika mpango ule mashini ya umeme haimo. Pompi tuliyoandikiwa bei inatumia umeme. Taa za jua hazina nguvu ya kuigeuza. Tungetupa dola 600 katika chuma cha kukaa mtoni, na wale wanaoshuka na mitungi alfajiri wangeendelea kushuka, sasa wakipita kando ya pompi.

Hesabu ilikuwa imefanya kazi yake bila kosa. Ilijibu maneno iliyopewa. Maneno ndiyo yalikuwa yamegeuka. Wajumbe walipokuwa wanasema, maana yao ilikuwa "bila mashini hakuna pompi", ni kusema P ikiwa 1, M iwe 1: P ≤ M. Mwandishi alipashwa kuandika "tutanunua pompi kama TU tuko na mashini". Neno dogo "tu" lilianguka, na mshale ukageuka. Tuangalie tofauti ya maneno haya mawili katika safu ine. "Kama tuko na mashini, tutanunua pompi" inakataza mashini bila pompi, na inaruhusu pompi bila mashini. "Tutanunua pompi kama tu tuko na mashini" inakataza pompi bila mashini, na inaruhusu mashini peke yake. Ni kinyume kabisa, na kinywani yanasikika kama mamoja. Mtu akitaka njia zote mbili zifungwe, kwamba vinakwenda pamoja ao vinakosekana pamoja, anaandika P = M. Tulijiuliza kama wajumbe walitaka hilo. Hapana: mashini bila pompi ingewasha taa za kalasi, inafaa.

Hatumlaumu mwandishi. Sisi wenyewe tulikuwa katika mkutano ule, tulisikia maana, kiisha tukafwata kaye.

Sharti la tano ni gumu kidogo, kwa kuwa lina "na" upande wa mbele. Mashini NA vitabu, basi meza. Wa kwanza kujaribu aliandika Z ≥ M + V. Tumejifunza sasa, tukapima. M=1 na V=1 inaleta Z isiyopungua 2, na Z haiwezi kuwa 2. Tena M=1 na V=0 inalazimisha meza, na hakuna aliyesema hivyo. Dawa ni kutoa moja: Z ≥ M + V − 1. Sasa M na V zikiwa 1 zote mbili, upande wa kuume ni 1, na Z inalazimishwa. Ikiwa moja tu kati yao ni 1, upande ule ni 0, na Z iko huru. Zikiwa 0 zote, ni 1 chini ya sifuri, haimsumbui mtu. Wengine watauliza kwa nini tusiandike Z ≥ M mara V. Ni kweli kwa maana, lakini kuzidisha herufi kwa herufi kunapinda mstari, na njia zote za kupata jibu tulizofundishwa zinaomba mistari iliyonyoka.

Kama mngekuwa na "ao" upande wa mbele, kwa mfano "kama pompi ao tanki, basi mabomba", mnaweza kuandika usemi mmoja, P + T ≤ 2 mara mabomba. Ni sahihi. Lakini ni vizuri zaidi kuandika mbili: P haipiti mabomba, T haipiti mabomba. Sababu mtaiona chini kidogo, tutakapozungumza juu ya vipande.

Basi tulifuta M ≤ P, tukaandika P ≤ M, tukaanza upya. Kazi saba, kila moja 0 ao 1, zinatoa mipango 128. Inawezekana kuipitia yote kwa mkono, lakini kazi zikiwa 20 mipango inapita milioni moja, na zikiwa 30 inapita milioni elfu moja. Tukatumia njia ya kukata matawi, iliyotolewa mwaka 1960 na wanawake wawili, Ailsa Land wa Uingereza na Alison Doig wa Australia. Kabla yao, mwaka 1947, Mmarekani George Dantzig alikuwa amevumbua njia ya simpleksi kwa hesabu zinazoruhusu vipande. Hila ya Land na Doig ni kuruhusu vipande kwanza, kusudi ujue jibu haliwezi kupita wapi, kiisha kulazimisha herufi moja moja.

Tukiruhusu vipande, jibu la juu ni alama 94 na kidogo: mashini, pompi, taa za jua, na vipande viwili kwa kumi na tatu vya mabati na vya tanki. Mtu mwenye haraka angesema: viwili kwa kumi na tatu ni kidogo, tuvitupe. Atabaki na mashini, pompi na taa, alama 85. Ngojeni muone alivyo mbali.

Tunagawa njia kwa mabati. Njia ya kwanza, B ni 0. Basi tanki haliwezi, kwa kuwa T ≤ B. Basi pompi ni lazima kwa ajili ya maji, na mashini nayo kwa ajili ya pompi: dola 1500 zimekwenda. Vitabu hapa vinaomba meza, na vyote viwili ni dola 600, haviingii katika 500 zilizobaki. Kwa hiyo taa na meza: jumla dola 2000 kamili, alama 89. Njia ile imekwisha. Njia ya pili, B ni 1. Kwa vipande haiwezi kupita alama 93 na kidogo, basi inafaa kuichimba. Tugawe tena kwa mashini. Mabati na mashini pamoja ni dola 1700. Maji bado ni lazima, na kitu cha maji cha bei rahisi ni tanki, dola 500. Haiwezekani. Basi M ni 0, kwa hiyo pompi ni 0, kwa hiyo tanki ni 1, kwa hiyo taa za jua ni 1. Mabati 800, tanki 500, taa 300, zimebaki 400, na vitabu ni 400. Dola 2000 kamili. Alama 35 + 25 + 15 + 15, jumla 90.

Mipango 128, na tulikanyaga njia tatu. Angalieni ginsi masharti ya "kama" na "ao" yalivyosukumana yenyewe: mashini ikitoka, pompi inatoka, tanki linaingia. Kazi ile ilifanywa na maneno ya wajumbe, sisi tulifwata tu. Na yule aliyetupa vipande alibaki na mpango unaokaribia kuwa kinyume cha jibu.

Hapa mtaona pia kwa nini tulisema muandike semi mbili badala ya moja. Wakati vipande vinaruhusiwa, P + T ≤ 2 mara mabomba inakubali pompi nzima na nusu ya mabomba. Zile semi mbili zinakataa. Kwa namba nzima zote ni sawa, lakini zile mbili zinabana zaidi, na matawi ya kukata yanakuwa machache. Katika hesabu ya kazi saba si kitu. Katika hesabu kubwa, hata ya ordinateri, inaweza kuwa tofauti ya dakika na siku. Richard Karp wa Marekani alionyesha mwaka 1972 kwamba hesabu hizi za 0 na 1 ziko katika jamii ya zile ngumu ambazo mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka inayozifaa zote.

Kuko namna moja tunataka kuongeza, kwa ajili ya vitu vinavyopimwa. Tuseme tungenunua mashini, na pipa letu la mafuta linashika lita 200. Herufi x iwe lita tutakazonunua. Sharti ni "hakuna mafuta bila mashini". Tunaandika x ≤ 200M. M ikiwa 1, x haipiti 200, ndivyo pipa lilivyo. M ikiwa 0, x haipiti 0. Wengine, kwa kuogopa kukosea, wanaweka namba kubwa kabisa, x ≤ 1000000M. Ni uvivu. Wakati wa vipande, M ya sehemu mbili kwa elfu kumi itatosha kuruhusu lita 200 zote, ni kusema pipa zima la mafuta kwa mashini ndogo kuliko kijiti cha kiberiti. Tieni namba mnayoijua kuwa kweli.

Turudi mkutanoni. Tulipeleka mpango wa alama 90, na kando yake ule wa alama 89, kwani tuliona si haki kuficha kwamba vinaachana kwa alama moja. Mjumbe mmoja tu angebadili mawazo yake kidogo, na mashini na pompi vingeshinda. Alama ni maoni ya watu, si kilo za mahindi. Tena ziko na kasoro tuliyoitambua baadaye: tulijumlisha alama za pompi na za tanki kama vile moja haigusi nyingine, na kweli aliye na pompi hana haja kubwa ya tanki. Wavulana wakauliza swali zuri, tanki litafanya nini kiangazi? Mama msimamizi wa wasichana akajibu kwamba kiangazi chetu kinaanguka karibu chote ndani ya likizo kubwa, na kwa juma za mwezi wa sita zitakazobaki, wavulana nao wanajua njia ya mtoni.

Wakapiga kura kwa mikono. Mabati, tanki, taa za jua na vitabu. Hesabu ilikuwa imewapa mipango miwili inayowezekana badala ya kelele, na ilikuwa imeondoa ule mmoja usiowezekana. Pompi na mashini vimeandikwa kwa mavuno yanayokuja, na safari hii katika kaye imeandikwa "kama tu", na mstari chini ya "tu".

Kwa wale wanaotaka kujaribu, tunaacha semi tatu za kugeuza, kwa herufi zile zile. Ya kwanza: "Kama hatununui vitabu, tununue meza." Ya pili: "Katika mashini, pompi na mabati, tusifanye zaidi ya mbili." Ya tatu, ambayo ilitugawanya sisi wenyewe siku nzima: "Tutanunua meza ikiwa, na ikiwa tu, tunanunua vitabu ao taa za jua." Ile ya tatu inaomba semi tatu za hesabu, si moja. Pimeni kila mstari katika safu zake zote kabla ya kuleta. Majibu yawekwe katika sanduku la mlango wa chumba cha matematiki mbele ya siku ya posho, na jina la kalasi juu yake.